Mkono wa Ogle Chini ya Shuka

Jumatano, 3 Julai 1996

Kijana, kabla hujaomba kuona kinywa cha mtu, nenda kaoshe chako! Nilimwambia hivyo leo sokoni, mbele ya watu, na naandika tena hapa ili nisisahau ilivyokuwa tamu.

Meno yake ni ya kahawia. Si kidogo. Kahawia kama birika lililoachwa mekoni tangu Ramadhani. Na huyu ndiye aliyeletwa kutoka Nairobi kuchunguza meno ya watu wa Garissa. Kinyozi mwenye chawa – utampa kichwa chako?

Wamepiga hema kando ya soko la mifugo, karibu kabisa na mkeka wangu wa miswaki. Hawakuniomba ruhusa. Mkubwa wao ni daktari mwanamke, mnene, mpole, miwani inamteleza puani kwa jasho. Walio chini yake ni wanafunzi wa udaktari wa meno. Huyo wa kahawia anaitwa Abdiwahid. Msomali mwenzetu, mtu wa Habaswein. Angekuwa mgeni ningemsamehe.

Wana kiti kinacholala chali. Mtu anapanda, analazwa, anafunguliwa mdomo. Farhiya mjukuu wangu wamempa kazi ya kutafsiri na kuandika hesabu ya meno. Amemaliza kidato cha nne, anangoja chuo cha uuguzi. Daktari amemwambia kazi ikienda vizuri atamsemea chuoni. Hilo nalitaka. Hema silitaki, lakini hilo nalitaka.

Leo hakuna aliyepanda kiti. Sababu ni Ogle. Ogle ni mdogo wa marehemu mume wangu, dalali wa mbuzi na ngamia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alisimama mbele ya hema, fimbo mabegani, akasema katika soko hili mwenye kufungua midomo ni yeye, na akishaufungua na kuhesabu meno, mwenye mdomo huo kesho yuko kwenye lori la Nairobi, njia ya machinjio. Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka. Wakarudi nyuma, wanawake wakavuta shungi mpaka puani.

Daktari akamuuliza Farhiya mzee amesema nini. Farhiya akajibu, anawakaribisha wageni.

Huyu mtoto atafika mbali.


Alhamisi, 4 Julai

Jino la nyuma, kushoto, chini. Linavuta kidogo. Ni baridi ya alfajiri tu.

Sijawahi kuumwa jino. Watu wananunua miswaki yangu kwa sababu ya meno yangu. Wauzaji wengine wanapiga kelele, mimi nacheka tu, mteja anaona, anatoa pesa. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakunisifu kwa lolote, lakini hata yeye alisema huyu Bishara ana meno ya mtamba.

Jioni Farhiya alinieleza huo utafiti wao. Wanataka kujua kati ya watu wa mswaki wa mti na watu wa brashi ya plastiki, nani ana meno mazima zaidi. Nikamwambia warudi kwao, jibu limekaa kwenye mkeka wangu. Akasema, "Ayeeyo, bibi yangu, hawa hawataki jibu la mtu mmoja. Wanataka midomo mingi."

Midomo mingi. Wangekuja hapa nyumbani siku ya kugawa nyama.

Akasema pia kwamba meno ya Abdiwahid si uchafu. Ni maji ya kisima cha kwao. Yana chumvi fulani ya ardhini, mtoto akiyanywa wakati meno yanaota, yanatoka yamebeba rangi. Nikamwuliza nani kamwambia. Abdiwahid mwenyewe. Basi. Hata fisi ukimkuta zizini atakuambia amepotea njia.


Jumamosi, 6 Julai

Wameanza kugawa zawadi. Mtu akiingia hemani kusikiliza tu, hata asipofungua mdomo, anatoka na brashi na tyubu ya dawa ya meno. Asubuhi nzima mkeka wangu ulikuwa kama nyumba ya matanga. Watoto wanainyonya ile dawa kama peremende. Sahro, muuza maziwa, jirani yangu wa mkeka tangu soko lihamishwe – nimemkuta anasugua kibuyu chake kwa brashi ile. Anasema inafika kwenye kona. Nikamnunia mpaka adhuhuri. Angeendelea kusugua ningemnunia mpaka Idi.

Nikaionja hiyo dawa. Tamu. Inatoa povu kama ngamia dume mwenye hasira. Kitu cha kusafisha mdomo kinakuwaje kitamu? Mti wangu ni mkali, unakuuma, unajua umeoshwa. Tena ni sunna.

Hapo nikainuka. Nikaenda mpaka mlangoni pa hema, nikasema ili soko lote lisikie. Mimi Bishara sijatia brashi kinywani tangu nizaliwe. Wakipata tundu moja humu, moja tu, nakunja mkeka na siuzi mswaki tena mpaka nizikwe.

Wanawake wakapiga vigelegele. Ogle akasema yeye ni shahidi. Hakuna aliyemuuliza. Daktari, alipotafsiriwa, alifurahi kama aliyejaliwa mtoto. Akasema Jumatano ijayo, siku kubwa ya soko, mama apande kiti watu wote waone.

Nikatabasamu. Kwa upande wa kulia.


Jumapili, 7 Julai

Karafuu. Wapi.

Chumvi na maji ya moto. Wapi.

Manemane. Wapi, na sasa hata chai haina ladha.

Ni baridi tu.


Jumatatu, 8 Julai

Si baridi.

Farhiya alipotoka kwenda kazini nilichukua kioo chake na tochi. Gego la mwisho. Katikati jeusi, shimo la kutosha punje ya mtama. Nikabaki nimekaa kitandani, mdomo wazi, tochi inawaka mchana kweupe.

Limetoka wapi? Mswaki naupiga asubuhi, naupiga kabla ya kila sala. Farhiya huwa ananitania kwamba mimi sitii sukari kwenye chai, natia chai kwenye sukari. Lakini chai ni chai. Mtu anayekunywa chai bila sukari ameshakuwa mgonjwa, huyo asubiri kusomewa tu.

Mwalimu wetu wa ngumbaru, yule wa kutoka Hola, alituambia mkono usioandika unasahau. Ndiyo maana naandika kila siku, na kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho alichotufundishia. Hakutuambia kuna siku utaandika kitu usichotaka hata daftari lijue.


Jumanne, 9 Julai

Nimepata njia. Naandika upesi kabla ya Farhiya kurudi.

Jana watu wachache walijitoa wakapanda kiti. Yule kijana anatazama kwa kioo chake kidogo chenye mkia, halafu anapaza sauti ili Farhiya aandike. Mawili yameoza! Matatu yameoza! Hema lenyewe ni turubai. Soko lote linasikia. Binti wa Sahro, Saynab, ambaye posa yake bado ina umande, ametangazwa manne, na shangazi wa mchumba amesimama pale anasubiri kununua mbuzi. Sahro alilia mpaka wateja wakajimiminia wenyewe maziwa. Leo hema lilikuwa tupu. Daktari alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, amelala chali, anatazama turubai.

Nikaingia. Nikamkemea vizuri. Nikamwambia hapa hatutangazi aibu. Hata mbuzi akiuzwa bei yake haitajwi. Mwenye kuuza na mwenye kununua wanashikana mikono chini ya shuka, wanaongea kwa vidole, na waliosimama pembeni hawaambulii kitu. Ikiwa mbuzi anasitiriwa, mke wa mtu je?

Daktari akasema, haya, Abdiwahid aandike mwenyewe kimyakimya. Wazee waliokuwa mlangoni wakakataa. Karatasi inayoandikwa kimyakimya tunaijua hapa. Tulipangwa foleni juani kwa ajili ya vipande, vile vitambulisho vya serikali, mtu mezani akaandika kimya, na aliyezaliwa hapa akaambiwa ni mgeni. Karatasi hapana. Mkono chini ya shuka, ndiyo. Kijana atazame, ampe mwandishi hesabu kwa vidole, kila jino bovu kidole kimoja, na pasiwe na sauti.

Daktari akavua miwani, akaifuta, akakubali. Nadhani angekubali hata tungemwambia apige ngoma.

Mimi moyoni nacheka. Kwa vidole, nani atajua la Bishara? Farhiya peke yake, na Farhiya ni damu yangu.

Lakini hapo ndipo nilipojitega. Abdiwahid hawezi kumshika Farhiya mkono. Si ndugu yake. Akahitajika mtu wa kati, mwanamume, aliye mzee wa nyumba ya Farhiya, na anayejua lugha ya vidole. Nilipoona mazungumzo yanaelekea wapi nikataka kuyageuza. Nimechelewa. Wazee walishamtaja.

Ogle.

Mdomo mkubwa kuliko yote soko la Garissa. Nimeutafutia mdomo ule kazi kwa mkono wangu mwenyewe.


Jumatano, 10 Julai

Sijui nianzie wapi.

Ogle aliwekewa sanduku katikati. Shuka jipya mapajani, ndevu zimetiwa hina. Mkono wa kulia kwa kijana, wa kushoto kwa Farhiya. Lakini kabla ya kuanza akasema yeye hafanyi biashara na mtu asiyemkagua. Akamwambia Abdiwahid afungue mdomo. Kijana akafungua, bila kinyongo. Ogle akatia kidole, akamgongagonga meno kwa ukucha, mbele na nyuma, kama anavyofanya kwa beberu.

"Rangi yake mbaya," akawaambia watu. "Lakini nzima yote. Shimo hakuna, hata moja. Huyu mimi ningenunua."

Watu wakaangua kicheko, na kijana akacheka kuliko wote, kahawia yote nje. Mimi sikucheka. Nilikuwa na karafuu shavuni.

Foleni ikafika kwenye zizi la ngamia. Wanaume, wazee, na wanawake nyuma ya pazia. Kijana anatazama, anavua glavu, ananawa, mkono unaingia chini ya shuka. Shuka linacheza kidogo. Kisha linacheza upande wa pili. Farhiya anaandika. Hakuna sauti. Mimi ndiye niliyeleta utaratibu huu, na watu walikuwa wananiombea dua wakipita. Nikazipokea. Nilijua nitazihitaji.

Zamu yangu. Nikapanda kiti kama mtu anayepanda ngamia mbele ya wakwe, mgongo wima. Wakanilaza. Kile kioo baridi. Kisha kile kisindano kilichopinda kikagusa gego la nyuma – nilikiona cha mtema kuni. Kijana akanitazama machoni. Ana macho ya adabu, hilo namkubalia. Akasema polepole, "Pole, ayeeyo."

Amelijua.

Akavua glavu. Mkono ukaingia chini ya shuka. Nikamtazama Ogle usoni, lakini uso wa dalali ni mlango uliofungwa. Shuka likacheza. Likacheza tena. Muda mrefu kuliko kwa watu wote. Kijana akakunja uso, akauondoa mkono. Kisha upande wa Farhiya. Kwa kuwa mimi niliapa hadharani, ilikubaliwa langu litajwe hadharani.

Farhiya akainua kichwa akasema, "Bishara, hakuna hata moja."

Vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Kijana aligeuka haraka kumtazama Farhiya, akafungua kinywa kama anayetaka kusema neno, lakini wanawake walishanishusha na kunibeba. Miswaki yangu iliisha kabla ya adhuhuri. Hata shangazi wa mchumba wa Saynab amenunua fungu.

Nimeokoka. Sijui nimeokokaje.


Alhamisi, 11 Julai

Mchana wa sifa. Daktari mwenyewe alikuja mkekani, akanishika mikono yote miwili. Anasema hajaona mji wenye meno mazima kama huu, hesabu inamshangaza, na walioko Nairobi watashangaa zaidi. Sahro aliniletea maziwa bure. Nikanywa kwa upande mmoja.

Jioni Farhiya aliingia bila salamu. Akakaa na viatu vyake miguuni.

Abdiwahid amemfuata baada ya kazi. Kwa heshima, hakumfokea. Amemwambia yeye kwa Bishara alitoa kidole kimoja, na Farhiya akatangaza hakuna. Anafikiri Farhiya amemwokoa bibi yake. Anasema hawezi kulinyamazia. Akamwambia daktari. Daktari naye amesema, kama mwandishi amebadilisha hesabu ya mtu mmoja, nani atamwamini kwa hizo nyingine? Amempumzisha kazi. Kuhusu kumsemea chuoni, hakusema kitu, na Farhiya anasema huko kutosema ndiko kulikomchoma.

"Mimi niliandika nilichopewa," akasema. "Ayeeyo, niambie tu. Una jino linalouma?"

Nikamwambia sina.


Ijumaa, 12 Julai

Baada ya sala nilimwendea Ogle. Nilimkuta kwenye kivuli cha duka, miguu juu, glasi ya chai mkononi. Hakuinuka.

Nikamwuliza kijana alimpa nini chini ya shuka siku ile.

"Dumaashi," akasema, na kwetu ndivyo anavyoniita kwa kuwa ni shemeji, "la chini ya shuka halisemwi. Lakini wewe ndiye mwenye mali, nitakwambia. Alileta moja."

"Sasa Farhiya alipataje hakuna?"

"Nilishusha."

Nikadhani sikusikia.

"Alileta moja, nikamrudishia. Nikamwambia kwa kidole, huyu mama ya kwetu, shusha. Akaleta moja tena. Nikambana. Akaondoa mkono. Sasa wewe mtu ya soko, si unajua? Mwenye kuondoa mkono kwanza ameshindwa. Bei ni yangu."

Nikamwuliza, na wale wengine?

Ogle akaniangalia kama nimemtukana baba yake. "Wote nilishusha. Mimi dalali! Nikubali bei ya kwanza, watu wataniona vipi? Jirani yako Sahro aliletwa saba. Nimemfikisha tatu. Hajui hata kushukuru."

"Wote?"

Akanywa chai. "Kulow peke yake nilipandisha. Aliniuzia ngamia kiwete."

Nikamwambia maneno. Siyaandiki, mwalimu hakutufundisha herufi zake. Nikamwambia hema lile halinunui meno, linahesabu tu. Yule kijana hakuwa anataja bei, na kubanwa kule bila shaka alidhani ni mzee anahakikisha hesabu. Ogle akashangaa kwa kweli. Nilimwona. Akauliza, kama hawanunui wala hawauzi, kwa nini kijana alileta mkono chini ya shuka?

Shuka nililileta mimi.

Nikamwambia aende akamwambie daktari, kwa sababu Farhiya ndiye anayebeba lawama. Hapo akaweka glasi chini.

"Hilo siwezi. Tangu nianze kazi hii sijatoa nje kilichokuwa chini ya shuka. Nikifanya leo, nani atanipa mkono kesho? Mwenye mnyama ndiye mwenye ruhusa ya kutaja bei yake. Si mimi." Halafu akaongeza, bila dharau, "Na sijamwambia mtu la kwako, dumaashi. Wala sitasema."

Ni kweli. Soko zima halijui. Miaka yote hii mdomo ule nimeuita ngoma, kumbe kuna kitu kimoja haupigi.

Mwenye mnyama. Ni mimi.


Jumamosi, 13 Julai

Shavu limevimba. Nimejifunga shungi kama mwali. Nimemwambia Sahro ni macho yanauma. Akauliza macho yanauma mashavuni? Nikamwambia auze maziwa.

Watu wamekuja kuagiza miswaki mpaka kutoka Dadaab. Wanasema wanataka ile ya Bishara aliyekutwa na hakuna. Yule mkata miti ameniletea mzigo mkubwa kuliko siku zote. Nimeutazama mzigo. Nao umenitazama.

Naweza kunyamaza. Hema linaondoka Jumatano. Meno ya watu yatakwenda Nairobi yakiwa nusu bei, na huko hakuna anayetujua. Mkeka wangu utabaki. Jina langu litabaki.

Farhiya atabaki pia. Hapa, mekoni, na mimi.


Jumapili, 14 Julai

Farhiya hasemi na mimi. Ila leo amepika uji, mwepesi, ameupoza kwanza, akaniwekea na kijiko kidogo. Kuna nyama, na hakuniletea nyama. Hakuuliza kwa nini siiulizii.

Anajua. Tangu lini, sijui. Angeweza kumwambia daktari, njoo mtazame bibi yangu tena, uone nani mwongo. Hajasema. Anapoteza chuo, na bado ananipozea uji.

Uji ulikuwa mzuri. Nimeumaliza wote.


Jumatano, 17 Julai

Naandika nikiwa kwenye kile kiti. Daftari liko gotini. Naandika kwa sababu siwezi kusema.

Asubuhi nilikwenda na mkeka wangu umekunjwa begani. Soko limejaa. Wanaanza kung'oa kamba za hema. Nikasimama pale pale niliposimama siku ya kuapa, nikafungua shungi, shavu likatoka kama embe. Nikasema: tundu lipo. Kijana alilihesabu sawa. Farhiya aliandika alichopewa. Kilichobadilika kilibadilika katikati, kwa kushushwa na kupandishwa kama bei.

Sikumtaja mtu. Haikuwa lazima. Watu wote wakageuka kumtazama Ogle, na Ogle akatazama mbuzi.

Sahro akauliza, "Na mimi je? Mimi nilikuwa ngapi?" Nyuma Kulow, aliyewahi kuchungulia hesabu yake kwenye karatasi ya Farhiya, akapiga kelele kwamba alijua, wallahi alijua, hawezi kuwa na meno mabovu tisa wakati anayo saba tu. Daktari alipotafsiriwa mambo ya kushusha na kupandisha alikaa kwenye lile sanduku la Ogle. Akavua miwani. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikajiandaa kumkemea. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, akampigia Farhiya ishara aje, akampa kalamu mkononi. Wataanza upya, watu wote. Hawaondoki. Farhiya aliipokea kalamu bila kunitazama, kisha akanitazama.

Abdiwahid alinishika mkono kunipandisha. Nikamwambia, kabla hajanifunga mdomo, kwamba meno yake nimeyaangalia tena na si uchafu. Ni hayo tu, asitafute zaidi. Akasema, "Ahsante, ayeeyo," akachukua sindano ndefu kuliko adabu yake. Amesema ningoje mpaka uso ulale.

Nusu imelala. Ulimi ni wa mtu mwingine. Nimejaribu kumwambia Sahro aondoke mbele yangu, nikatoa sauti ya ndama. Amegundua siwezi kujibu. Amevuta kopo, amekaa, na ananiambia kila jambo alilonifichia tangu tujuane. Amefika kwenye arusi ya mwanangu Mohamud. Bado safari ni ndefu.

Nje wazee wanabishana juu ya kiapo. Mmoja anasema mkeka umekwisha. Mwingine anasema jino likishatoka tundu nalo limeondoka, na pengo halikuapiwa. Wamegawanyika nusu kwa nusu. Mkeka wangu uko mlangoni, umekunjwa, na kuna mwanamke wa Habaswein amesimama kando yake anauliza miswaki ni ya nani.

Foleni imeshaanza. Kila mtu anataka kujua bei yake ya kweli. Isipokuwa mmoja. Ogle amejikunyata pembeni na shuka lake kifuani, anamwambia Abdiwahid kwamba dalali hakaguliwi, dalali si mnyama, dalali ni dalali. Tangu hema hili lifike, nimekumbuka, huyu ndiye peke yake ambaye hajafungua mdomo. Na jana alikuwa anatafuna nyama kwa upande mmoja. Nilimwona. Nilijua kutafuna kule.

Kijana anakuja na koleo. Naandika kwa herufi kubwa nimwonyeshe Farhiya ukurasa huu, asome kwa sauti:

FARHIYA, MWAMBIE AVUTE. WEWE NA SAHRO SHIKENI SHUKA LA OGLE ASIKIMBIE. NIKISHUKA MIMI, APANDE OGLE. NA HESABU YAKE ISITAJWE KWA VIDOLE – ITAJWE ISIKIKE NG'AMBO YA TANA.